Kuiacha simu iishe chaji mpaka ijizime: inaisaidia betri au inaimaliza?

Mwanga_Hafifu:

Habari zenu wakuu. Kuna ushauri unazunguka kila mahali kwamba betri ya simu inatakiwa iachwe iishe kabisa, simu ijizime yenyewe, ndipo ichomekwe mpaka 100. Wengine wanasema kila wiki, wengine kila mwezi, eti betri isizoee chaji nusunusu. Upande wa pili wapo wanaosema isishuke chini ya 20 hata siku moja. Yote mawili hayawezi kuwa kweli.

Simu ninayoulizia ni Android, betri ya lithiamu-ioni ya 5000 mAh, miaka miwili na nusu. Ikifika asilimia 18, ukifungua kamera na flashi inazima ghafla. Ukiiwasha inaonyesha 3. Ukiichomeka chaji dakika chache inaruka hadi 16. Ikiwa imetulia, amri ya kusoma hali ya betri kupitia kompyuta, `adb shell dumpsys battery`, inatoa hivi (voltage ni kwa milivolti):

level: 18
voltage: 3712
temperature: 318

Kamera ikiwaka, voltage inaporomoka hadi 3240, kisha giza.

Naomba kujua: kuimaliza chaji yote kutaiponya? Kama hapana, ushauri huu ulitoka wapi, na mbona kuna watu wanaapa kuwa umewasaidia? Na ile sifuri ya kwenye kioo, ni sifuri kweli?

---

Fundi_Nyaya:

Mkuu, hapana. Kuimaliza chaji hakuiponyi betri ya lithiamu kitu chochote, kunaichosha tu. Hizo namba zako nawaachia wenye mita, mimi nianze na chimbuko la ushauri wenyewe.

Umerithiwa kutoka kwenye betri za nikeli-kadimi, zilizokuwa kwenye simu za mkononi za mwanzo, redio za upepo na mashine za kutobolea. Hizo ukizichaji kila mara kuanzia palepale, fuwele za kadimi zinakua kubwa, volti inashuka mapema na kifaa kinadhani chaji imeisha. Kuzimaliza mara mojamoja kulizivunja fuwele. Kwa hiyo haukuwa uzushi, ulikuwa ushauri sahihi kwa betri nyingine. Betri ya lithiamu-ioni iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony. Kemia yake haina ugonjwa huo, lakini ushauri ukabaki midomoni mwa watu.

Sasa tazama ndani. Betri ya simu ni karatasi mbili ndefu za metali zilizokunjwa pamoja. Ya shaba imepakwa grafiti, ya alumini imepakwa oksidi ya lithiamu na kobalti, na katikati kuna plastiki nyembamba yenye vitundu, imeloweshwa elektroliti, yaani majimaji yanayopitisha ioni. Ukichaji, ioni za lithiamu (chembe zake zenye chaji ya umeme) zinahama kutoka upande wa kobalti na kujipenyeza kati ya tabaka za grafiti. Ukitumia simu, zinarudi zilikotoka. Grafiti ikijaa inavimba kwa karibu asilimia 10 ya ujazo wake, lithiamu ikitoka inasinyaa.

Juu ya kila punje ya grafiti kuna ngozi nyembamba mno, iliyoota betri ilipochajiwa mara ya kwanza kiwandani. Ngozi hiyo ndiyo inayoizuia elektroliti isiendelee kuungua pale kwenye grafiti. Punje ikivimba na kusinyaa sana, ngozi inapasuka. Palipopasuka panaota ngozi mpya, na hiyo mpya inajengwa kwa lithiamu ileile iliyotakiwa ikubebee chaji. Lithiamu hiyo hairudi tena, na ndiyo sehemu kubwa ya ule uwezo unaopungua mwaka hadi mwaka. Safari ya kutoka 100 hadi 0 inaitikisa ngozi kuliko safari nyingine yoyote. Ya kutoka 70 hadi 40 inaigusa kidogo.

Wanaoogopa kuchomeka mara kwa mara kwamba "wanamaliza mizunguko" nao hawajaelewa hesabu. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, hata ukiitumia kwa vipande. Ukitumia 50 leo ukachaji, kesho ukatumia 50 nyingine, huo ni mzunguko mmoja. Apple wanasema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na za iPhone 15 baada ya 1000, katika mazingira mazuri ya matumizi. Umoja wa Ulaya tangu Juni 20, 2025 unadai simu mpya zinazouzwa huko zifikishe mizunguko 800 zikiwa bado na 80. Hakuna popote kwenye hesabu hizo unapopewa nyongeza kwa kuifikisha sifuri.

---

Mita_Mkononi:

Fundi_Nyaya kamaliza upande wa kemia. Mimi nichukue sifuri na zile namba.

Sifuri ya kwenye kioo si sifuri ya betri. Seli, yaani betri yenyewe ya ndani, ikijaa ina volti 4.2, na za simu za sasa nyingi zinafika 4.4 na ushee. Simu inajizima ikiwa kati ya 3.4 na 3.0, kutegemea aliyeitengeneza. Hapo kioo kinasema 0, na ndani kimebaki kiasi kidogo cha akiba kilichoachwa makusudi. Chini zaidi, karibu na volti 2.5, kuna kibao kidogo cha ulinzi kilichogandishwa kwenye ncha ya betri chini ya utepe wa njano. Hicho kinakata njia kabisa. Chini ya volti 2 ndiko kuliko na hatari ya kweli: ile karatasi ya shaba inaanza kuyeyukia kwenye elektroliti. Ukija kuichaji, shaba iliyoyeyuka inajiganda upya ovyoovyo kama chembechembe, na chembe hizo zinaweza kutoboa plastiki ya katikati na kuunganisha pande mbili. Hiyo ni shoti ya ndani, na hakuna kibao cha ulinzi kinachoweza kuikata.

Kwa hiyo siku simu ikizima yenyewe barabarani na ukaichaji jioni, umeichosha kidogo, hujaiua. Kinachoua ni kuiacha kwenye sifuri wiki kwa wiki. Simu iliyozimwa bado inalisha saa yake ya ndani, kibao cha ulinzi nacho kinakula kidogo, na seli yenyewe inavuja polepole. Kutoka 3.2 hadi 2 si mbali, kwa sababu huku chini mchirizi wa volti unashuka kama mteremko wa mlima. Chaji nyingi iko kati ya 4.1 na 3.6, na chini ya hapo ni makombo.

Namba zako sasa. Ikiwa imetulia ni 3.712, na kwa asilimia 18 hiyo ni sawa kabisa. Kamera na flashi zikiwaka inashuka hadi 3.240, yaani pengo la volti 0.472. Chukua mfano kwamba mkondo umeongezeka kwa ampia 2: gawanya 0.472 kwa 2, unapata ukinzani (jinsi betri inavyozuia mkondo kupita) wa omu 0.236. Betri mpya ya ukubwa huo iko kwenye omu 0.1 au chini yake. Kwa 0.1 pengo lingekuwa volti 0.2 tu, ungebaki na 3.51 na kamera ingefunguka bila shida. Na kumbuka dumpsys inasoma kwa kuchelewa, hivyo mshuko halisi huenda ni mkubwa kuliko uliouona.

Hiyo ndiyo maana ya kuzima ghafla. Chaji ipo, ila betri imezeeka na haiwezi kuitoa kwa kasi inayotakiwa. Ikiwaka inaonyesha 3 kwa sababu simu imeona volti iliyoporomoka. Ukiichomeka kidogo na volti ikatulia, hesabu inasahihishwa na kurudi 16. Ukitaka kuthibitisha, ikifika 18 zima data, punguza mwanga hadi chini, iache icheze sauti peke yake. Ikitembea taratibu mpaka 2 au 1 bila kuzima, basi geji (kipimo cha asilimia cha ndani ya simu) haina kosa, ni ukinzani. Dawa ya ukinzani ni betri mpya. Kuimaliza chaji mara kumi hakutaushusha hata kidogo.

---

Hesabu_za_Chaji:

Swali la kwa nini watu wanaapa kuwa imewasaidia halijajibiwa, na halipaswi kupuuzwa, kwa sababu kuna kitu walikiona kweli.

Asilimia unayoiona haipimwi moja kwa moja. Kuna chipu ya geji inayohesabu mkondo unaoingia na unaotoka, kama mtu anayehesabu ndoo zinazotekwa kwenye tangi asiloliona ndani. Kila ndoo ina kosa dogo. Ukiishi miezi kati ya 40 na 80, makosa yanarundikana, kwa sababu pale katikati volti haibadiliki sana na geji haina alama ya kujisahihishia. Huku uwezo wa betri nao umepungua, geji bado inaamini tangi ni la zamani. Matokeo yake unaona 12 kisha simu inazima, au inakaa kwenye 100 saa nzima na kisha inaanguka.

Kuishusha mpaka mwisho na kuipandisha mpaka juu kunaipa geji alama mbili za uhakika. Asilimia zinaacha kurukaruka na mtu anasema betri imepona. Kilichopona ni hesabu. mAh zilizomo ni zilezile.

Kama kweli geji ndiyo iliyopotea, fanya hivi, na si zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu hivi:

Itumie kwa kazi nyepesi mpaka ijizime. Usiiharakishe kwa gemu na tochi. Mzigo mkubwa unaishusha volti kabla chaji haijaisha, simu inazima mapema, na geji inajifunza uongo mpya. Ikishazima iache itulie saa 2 hadi 5, usijaribu kuiwasha "kuona kama imebaki kidogo". Kisha ichaji ikiwa imezimwa, bila kuchomoa, mpaka 100, na uiache kwenye waya saa moja zaidi. Saa hiyo ya mwisho ina kazi yake. Chaja inajaza kwa mkondo mkubwa mpaka volti ifike juu, halafu inashikilia volti hiyo huku mkondo ukipungua taratibu. Geji inaihesabu betri kuwa imejaa pale mkondo unaposhuka hadi kiasi kidogo sana. Ukichomoa mapema umeinyima alama ya juu.

Simu nyingi za sasa geji zake zinajisahihisha zenyewe kila zinapotulia muda mrefu, hivyo wengi hawahitaji hata hilo. Na wale wanaofuta faili la batterystats kwa kuamini linarekebisha betri: faili hilo linatunza takwimu za programu ipi imekula chaji kiasi gani, basi. Geji hailisomi.

---

Mwanga_Hafifu:

Asanteni sana wakuu. Nimefanya jaribio la sauti peke yake: imetoka 18 mpaka 2 bila kuzima. Basi ni ukinzani, nitabadilisha betri.

La nyongeza: ipo simu nyingine ya 4000 mAh iliyowekwa kabatini ikiwa imeisha chaji, sasa ni miezi mitano. Ukiichomeka haionyeshi chochote, hata alama ya betri. Betri yake inatoka kirahisi, na nikipima kwenye ncha mita inasoma 0. Wapo wanaoshauri "kuibusti", yaani kuiamsha kwa kuilisha umeme moja kwa moja kutoka pawasaplai (kifaa cha mafundi cha kutoa umeme). Ni salama?

---

Mita_Mkononi:

Mkuu, 0 kwenye ncha haimaanishi seli ina 0. Kibao cha ulinzi kikishakata, ncha za nje zinasoma sifuri au karibu yake hata kama seli ndani ina 2.4. Unatakiwa upime nyuma ya kibao, pale vipande viwili vya metali vya seli vinapoungana nacho. Utepe unafunuliwa kwa kipande cha plastiki, si kisu wala bisibisi, na ncha mbili za mita zisigusane kamwe.

Kabla ya kufika huko, anza na njia ya upole. Rudisha betri, safisha tundu la chaji, tumia waya unaouamini na chaja ya kawaida ya volti 5, uiache angalau nusu saa, ikibidi saa 2 au 3. Usibonyeze kitufe cha kuwasha. Chipu ya kuchaji ikikuta seli iko chini ya volti 3, inaingiza mkondo mdogo tu, karibu sehemu ya kumi ya ule wa kawaida, na kioo kinaweza kubaki cheusi muda wote huo. Kila ukibonyeza kitufe unakula kile kidogo kilichoingia. Wengi wanaitangaza simu imekufa wakati walichokosa ni subira ya saa moja.

Isipoitika, ndipo upime seli. Ikiwa na volti 2 au zaidi, mtu mwenye pawasaplai inayodhibitika anaweza kuiamsha: volti isizidi 4.2, mkondo uanzie 200 mA na usizidi 400 kwa betri ya 4000 mAh, juu ya kitu kisichoungua, mkono ukiigusa kila baada ya dakika chache. Ikifika 3.0 inarudi kwenye simu na kuchajiwa kawaida. Ikipata joto, ikivimba hata kidogo, au nusu saa ikapita bila kufika 3.0, acha. Hata ikijaa vizuri, ichomoe na uipime kesho yake. Ikiwa imepoteza zaidi ya volti 0.1 ikiwa haitumiki, inavuja ndani, usiirudishe mfukoni.

Chini ya volti 2, na hasa ikiwa imekaa hivyo kwa wiki kadhaa, usiibusti. Narudia kwa sababu video nyingi zinaonyesha betri "iliyofufuliwa" na zinakatika hapohapo. Shaba iliyoyeyuka haionekani kwa macho. Betri inaweza kupokea chaji leo, ikafanya kazi wiki mbili, ikaja kupata shoti ya ndani usiku ikiwa imejaa. Kwa miezi mitano kwenye sifuri, mimi ningeihesabu kuwa ni ya kupeleka mahali wanapokusanya betri chakavu.

---

Joto_Kwanza:

Naomba nitofautiane kidogo na msisitizo wa uzi huu. Yote yaliyosemwa kuhusu sifuri ni sahihi, lakini msomaji asiondoke akidhani adui yuko chini tu. Betri nyingi za simu zinazeekea juu: kwenye 100, zikiwa na joto.

Volti ikiwa juu, upande wa kobalti unaikwangua elektroliti saa zote, hata simu ikiwa haitumiki, na joto linaharakisha kazi hiyo. Gesi inayotokana nayo ndiyo inayovimbisha betri na kubandua kioo. Takwimu zinazonukuliwa sana ni hizi: seli iliyohifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji 40 inabaki na karibu asilimia 96 ya uwezo wake, ikiwa imejaa 100 inabaki na 80. Kwenye nyuzi 40 namba zinakuwa 85 na 65. Tazama hiyo 65: hapo hakuna aliyeitumia wala kuimaliza chaji, imekaa tu imejaa kwenye joto.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa mambo ya kujali ni joto kwanza, kukaa kwenye 100 muda mrefu pili, sifuri ya siku mojamoja tatu. Zile 20 na 80 ni mipaka mizuri lakini si sheria. Ukihitaji 100 kwa safari, jaza, mradi uianze kuitumia mara ikishajaa. Simu ikiwa na kipengele cha kuzuia chaji isivuke 80, kiwashe. iPhone tangu iOS 13 ya mwaka 2019 zinaweza kusubiri kwenye 80 usiku na kumalizia karibu na muda unaoamka. Wakati wa chaji ya haraka vua kava nene, na usicheze gemu simu ikiwa kwenye waya. Kwenye ile dumpsys, temperature 318 ni nyuzi 31.8, hiyo haina shida. Ukiona inavuka 400 wakati wa kuchaji, chomoa uiache ipoe.

Baridi nayo ina sheria moja tu: usichaji simu iliyo chini ya nyuzi 0. Lithiamu inashindwa kupenya kwenye grafiti na kujirundika juu yake kama metali, na haitoki. Iache ipate joto la chumba kwanza.

Na simu ya akiba inayowekwa kabatini: iwe na nusu ya chaji, izimwe kabisa, mahali pakavu pasipo na joto. Kila baada ya miezi sita irudishwe kwenye 50.

---

Fundi_Nyaya:

Nakubaliana na Joto_Kwanza, mpangilio wake ni mzuri.

Mwanga_Hafifu, kwa hiyo betri mpya unayokwenda kununua: ipime kabla haijafungwa. Betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kwa ndege za mizigo zinatakiwa zisizidi asilimia 30 ya chaji, hivyo ikifika ina kama volti 3.6 hadi 3.8. Ikisoma chini ya 3.0 imekaa ghalani mno, irudishe. Ikiwa na kamwinuko ka kidole popote, irudishe pia. Usiichaji kwa muda wa saa nane kabla ya kuitumia, huo nao ni urithi wa nikeli. Ifunge, ichaji mpaka 100 mara moja ili geji ipate alama yake ya juu, kisha endelea na matumizi. Siku mbili tatu za kwanza asilimia zinaweza kuyumba kidogo wakati geji inajifunza ukubwa wa tangi jipya. Rudia ile dumpsys ikiwa kwenye 18 na kamera na flashi zikiwa zimewaka, utuletee namba mbili hapa. Pengo likibaki juu ya volti 0.3 na betri ni mpya, angalia soketi ya betri kama imekaa sawasawa kabla hujamlaumu muuzaji.